Mnara mrefu, vibonge vidogo vya zege: mzigo unaishia wapi?

*"Umbali wa mita 45 hivi kutoka nyumbani kwetu umejengwa mnara wa mawasiliano wa miguu minne, urefu wake mita 60. Chini naona vibonge vinne tu vya zege vimechomoza ardhini, na upana wa kila kimoja haufiki mita moja. Fundi mmoja aliniambia nisihofu, eti mnara ni mzito mno na uzito wake ndio unaoufanya ubaki mahali pake. Lakini upepo ukivuma kwa nguvu nauona ukiyumba kule juu, na sasa nasikia kampuni nyingine itafunga antena zake humohumo. Kilimani kuna mlingoti mwingine, mwembamba, umeshikwa kwa nyaya, na kule chini umechongoka hadi ncha. Naomba nieleweshwe: mzigo wote ule unafikaje ardhini? Na je, nina sababu ya kuogopa?"*

Ndugu msomaji, umeuliza vizuri, na nitaanza na huyo fundi. Alitaka kukutuliza, ila hoja yake imekaa miguu juu kichwa chini. Uzito wa mnara si ngao yake. Mnara wa vyuma vilivyounganishwa kwa boliti ni mwepesi kuliko macho yanavyodhani. Ukiutazama vizuri, sehemu kubwa ya unachokiona ni uwazi. Tuchukulie huo wa kwenu, pamoja na antena, ngazi na nyaya zake zote, una tani 12. Kila mguu unabeba tani 3. Mzigo huo hata udongo wa kawaida unaumudu kwa msingi mdogo tu. Kama kusingekuwa na upepo duniani, mhandisi wa minara angekuwa na kazi nyepesi kweli.

Upepo ndio mzigo mkubwa. Na tabia yake moja huwashtua wengi: nguvu yake hufuata mraba wa kasi. Kasi ikizidi mara 2, msukumo unazidi mara 4. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unalisukuma bamba la mita 1 ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 25. Ukifika mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, kilo hizo zinakuwa karibu 100. Isitoshe, upepo wa juu ni mkali kuliko wa chini, kwa kuwa huku chini unapunguzwa na miti, majengo na vilima. Kwa hiyo mnara husukumwa zaidi kule kileleni, mahali ambapo msukumo una madhara makubwa kuliko popote.

Simama wima umebana miguu, mwambie mtu akusukume begani. Utayumba. Sasa itanue miguu, asukume kwa nguvu ileile: mguu mmoja unakandamizwa sakafuni na mwingine unataka kuinuka, lakini umesimama. Hivyo ndivyo mnara wako unavyofanya kazi. Msukumo wa ubavuni haufiki ardhini ukiwa msukumo wa ubavuni peke yake: kwa kuwa unapiga kule juu, unataka pia kuupindua mnara. Huko kupindua hugeuzwa kuwa jozi ya nguvu mbili za wima, moja ikishindilia miguu ya upande wa pili, nyingine ikitaka kuing'oa miguu ya upande unaotokea upepo.

Hesabu ni rahisi, na ningependa uione kwa namba nilizochagua kwa mfano tu. Sema upepo wote unaoupiga mnara unafanya jumla ya tani 6, na kwa wastani unasukuma katika urefu wa mita 35 kutoka chini. Zidisha: tani 6 kwa mita 35 ni tani-mita 210. Hiyo ndiyo nguvu ya kuupindua. Miguu ikiwa imeachana mita 6, gawa 210 kwa 6 upate tani 35, ambazo miguu miwili ya kila upande inagawana: tani 17.5 kwa kila mguu. Upande wa mbele, unaotokea upepo, tani 3 za uzito zinapunguza mvuto, kwa hiyo kila mguu unavutwa juu kwa tani 14.5. Upande wa nyuma zinaongeza, kila mguu unashindiliwa kwa tani 20.5.

Hapo upepo umepiga mnara usoni. Ukija kwa mshazari, ukaelekea kwenye kona, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Sasa miguu miwili ya katikati haisaidii kitu kwenye kupindua, na kazi yote inabaki kwa mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, walioachana mita 8.5 kwa kona. Gawa tena: karibu tani 25. Mguu mmoja unavutwa juu kwa tani 22, mwenzake unashindiliwa kwa tani 28. Linganisha na zile tani 3 za uzito. Ukiona hapo utaelewa kwa nini nasema fundi wako alishika upande usio wenyewe: katika dhoruba, kazi ngumu ya msingi wa mnara ni kuuzuia usichomoke kama mzizi uliolegea, zaidi ya kuuzuia usizame.

Pia utaona kwa nini minara hutanuka chini. Tani-mita ni zilezile, lakini kadiri miguu inavyoachana ndivyo kila mguu unavyopunguziwa nguvu. Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889 ukiwa na urefu wa mita 300, una miguu iliyotanda kwenye mraba wenye upande wa mita 125 hivi, na mkunjo wa miguu yake ulitokana na hesabu za upepo. (Ulijengwa kwa kibali cha miaka 20 tu. Manufaa yake kama mlingoti wa redio ni miongoni mwa mambo yaliyouokoa usibomolewe.)

Twende sasa kwenye safari yenyewe ya mzigo, kutoka juu hadi chini.

Antena inapopigwa na upepo, inausukuma mkono wa chuma ulioishika, na mkono unausukuma mguu wa mnara. Kutoka hapo kazi hugawanywa. Miguu minne mikubwa ya kona hupokea ile jozi ya kuvuta na kushindilia. Vyuma vya mshazari, vile vinavyokatiza uso wa mnara kwa umbo la X au K, hubeba msukumo wa ubavuni na kuupitisha ghorofa kwa ghorofa hadi chini: mmoja unavutwa, mwenzake anabanwa, kisha upepo ukigeuka nao hubadilishana kazi. Kila makutano ni boliti. Nguvu haina njia nyingine ya kuvuka kutoka chuma hiki kwenda kile.

Kuna vyuma vingine vyembamba ambavyo watu huvidharau, vifupi, vinavyounga mshazari na mguu katikati. Ukivitazama utasema vimewekwa kwa urembo. Mzigo vinaobeba ni mdogo kweli, lakini kazi yake ni kuufupisha mguu. Chuma kirefu chembamba kikibanwa kutoka ncha zake hakivunjiki kwa kusagika. Kinabonyea ubavuni ghafla na kupoteza nguvu. Mwanahisabati Leonhard Euler alieleza kanuni hii katika karne ya 18: kwa chuma chembamba, ukigawa mara 2 urefu usioshikwa, uwezo wake wa kustahimili kubanwa unazidi mara 4. Sasa geuza sentensi hiyo. Mtu akifungua kile kichuma kidogo akaenda kukiuza kama chuma chakavu, urefu usioshikwa wa mguu unaongezeka mara 2, na uwezo wake unaweza kushuka hadi robo. Mnara utaendelea kusimama siku zote za utulivu bila kuonyesha dalili yoyote, kwa sababu tani 3 haziusumbui. Utaanguka siku ya tani 28. Kati ya yote ninayokuandikia hapa, hili ndilo ningetaka majirani wa minara walijue kwanza.

Kwenye kitako, mguu hukaa juu ya bamba nene la chuma, na bamba limefungwa kwa boliti ndefu zilizozikwa ndani ya zege. Mguu unaposhindiliwa, bamba linalikandamiza zege, jambo ambalo zege hulipenda. Mguu unapovutwa, zege haliwezi kuvumilia peke yake kwa kuwa ni dhaifu mno kwenye kuvutwa. Boliti huipokea nguvu na kuikabidhi kwa nondo zilizolala ndani ya nguzo hiyo, na nondo huishusha hadi chini.

Vile vibonge ulivyoviona ni vichwa tu. Chini yake, kwa kawaida, kuna bamba pana la zege lililofukiwa. Tukiendelea na mfano wetu: mita ya ujazo ya zege ina tani 2.4 hivi, kwa hiyo kuzuia mvuto wa tani 22 kwa uzito wa zege peke yake kunahitaji zaidi ya mita 9 za ujazo kwa kila mguu, kabla hata hujaongeza akiba ya usalama. Hilo ni zege jingi. Ndiyo maana wahandisi huutumia udongo. Bamba la mita 2.5 kwa 2.5, unene wa nusu mita, lina tani 7.5 tu, lakini likifukiwa mita 2 chini, udongo uliolala juu yake una takriban tani 20. Mguu ukitaka kung'oka, lazima uinue udongo wote huo pamoja nao.

Kwa hiyo udongo unaoukanyaga karibu na mnara si uwanja mtupu, ni sehemu ya msingi. Mtu akichimba shimo la taka au mtaro pale, au maji ya mvua yakikomba ardhi kuzunguka miguu, uzito unaoushikilia mnara unaondolewa bila chuma hata kimoja kuguswa. Maji yaliyopanda chini ya ardhi nayo hudhuru kwa namna ambayo haionekani: zege lililozama majini hupoteza takriban tani 1 ya uzito wake kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa maji hulibeba. Mahali pa namna hiyo mhandisi hupanua bamba au huenda kwenye nguzo za zege zilizozamishwa kina kirefu, ambazo hushikwa na msuguano wa udongo ubavuni mwake. Pia kuna misingi ya bamba moja kubwa chini ya miguu yote minne, ambapo mvuto wa mguu mmoja na mshindilio wa mwingine hupambana ndani ya zege lenyewe.

Na huko kuyumba? Usiogope. Chuma kisichopinda hata kidogo chini ya mzigo hakipo; kupinda ndivyo kinavyobeba. Ukomo wa kuyumba mara nyingi huwekwa na mawimbi ya redio kabla haujawekwa na usalama. Dishi linalorusha mawimbi kwa dishi jingine lililo kilomita kadhaa huko mbali lina mwelekeo mwembamba sana, na mnara ukijisokota sehemu ndogo tu ya digrii, mawasiliano hukatika wakati mnara wenyewe hauna shida yoyote. Kinachotia wasiwasi ni mnara unaoyumba kisha usirudi wima, au unaotoa mlio wa vyuma kugongana, maana hiyo ni dalili ya boliti zilizolegea.

Mlingoti wa kilimani ni hadithi nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndio wenye akili zaidi kati ya hiyo miwili. Wengi hudhani nyaya zinauning'iniza. Nyaya haziwezi kuinua kitu kutoka chini. Zinavuta kuelekea ardhini. Upepo ukiusukuma mlingoti, waya wa upande unaotokea upepo unakaza na ule wa upande wa pili unalegea kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayouzuia. Nguvu ya ubavuni inasafiri ndani ya waya hadi kwenye nanga, ambayo ni bonge la zege lililozikwa mbali na mlingoti, na nanga hiyo huvutwa kwa mshazari: juu na mbele kwa pamoja.

Lakini waya unaovuta kwa mshazari hauvuti ubavuni tu, unaubana mlingoti kuelekea chini pia. Hata siku isiyo na upepo, nyaya hukazwa mapema, kwa kawaida karibu na asilimia 10 ya nguvu inayoweza kuzikata. Chukua mlingoti wenye ngazi 4 za nyaya, kila ngazi nyaya 3, kila waya umekazwa kwa tani 2 na umelala kwa digrii 45. Nyaya hizo 12 peke yake zinaushindilia mlingoti kwa takriban tani 17. Kitako chake hubeba mzigo unaozidi sana uzito wake mwenyewe, na dhoruba ikija unaongezeka.

Na ile ncha? Imechongwa makusudi. Kitako kinachoweza kuinama kidogo hakipokei nguvu ya kupinda, kinapokea mshindilio tu, na zege hulipokea hilo kwa furaha. Kazi ya kuzuia kupinduka imeachiwa nyaya na nanga. Ndiyo maana milingoti ya nyaya hufika marefu ambayo mnara wa miguu ungegharimu chuma kingi mno. Ule wa redio wa Konstantynów, Polandi, uliokamilika mwaka 1974, ulikuwa na mita 646. Ulianguka tarehe 8 Agosti 1991, na haukuangushwa na dhoruba: ilikuwa kazi ya kubadilisha nyaya zake. Mlingoti wa namna hii hauna namna nyingine ya kusimama nyaya zikikosea. Barafu nayo ina kesi yake. Mlingoti wa Emley Moor, Uingereza, wenye mita 385, ulianguka tarehe 19 Machi 1969, barafu ikiwa imeganda kwenye nyaya na mlingoti, huku upepo usio mkali sana ukiutikisa kwa mapigo ya kujirudia. Palijengwa mnara wa zege badala yake.

Kuna pia nguzo moja nene ya chuma, isiyo na vyuma vya mshazari wala nyaya. Hiyo hupeleka kila kitu chini kwa kupinda, kwa hiyo huyumba zaidi, na boliti za kitako chake pamoja na msingi wake hubeba adhabu yote.

Nirudi kwako, kwenye zile antena mpya. Hapa ndipo ningeweka wasiwasi wako. Mwenye kampuni atasema antena na mikono yake zina kilo 200 tu, na atakuwa anasema kweli kuhusu jambo lisilo na maana. Muulize ukubwa wa uso wake. Mita 4 za mraba zikifungwa kwenye urefu wa mita 55, kwa ule upepo wa kilo 100 kwa mita ya mraba, ni kilo 400 za msukumo, mara mita 55: tani-mita 22. Mnara wetu wa mfano ulikuwa na 210. Umeongeza zaidi ya asilimia 10 kwa vitu ambavyo watu wawili wangevipakia kwenye gari dogo, na bado sijahesabu nyaya zinazopanda ubavuni, ambazo nazo hukamata upepo.

Hiyo haimaanishi zisifungwe. Minara mingi huchorwa ikiwa na nafasi ya wapangaji wa baadaye, na kugawana mnara mmoja ni afadhali kuliko kujenga mitatu. Mhandisi anaweza pia kuimarisha miguu, kuongeza vyuma vya mshazari, kuzishusha antena, au kuondoa za zamani zilizoachwa juu bila kutumika. Kuimarisha chuma ni rahisi. Kuimarisha msingi uliokwisha fukiwa ni kazi ghali, na hapo ndipo watu hushawishika kukwepa. Jambo la haki kuliomba ni moja: uchambuzi wa mzigo uliofanywa upya, ukiwa na antena mpya ndani yake, umetiwa saini na mhandisi wa miundo, na unaogusa msingi na si vyuma vya juu peke yake. Ukiambiwa "zamani ulishapigiwa hesabu", hujajibiwa.

Kuhusu umbali sitakuficha: mita 45 ni pungufu ya mita 60, kwa hiyo uko ndani ya urefu wa mnara. Minara ya vyuma ikishindwa mara nyingi hujikunja mahali mguu ulipobonyea, na si lazima ilale yote kama gogo lililokatwa. Lakini "mara nyingi" si dhamana, na sitaki uitumie kama dhamana. Kanuni za umbali kati ya mnara na makazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata mji na mji. Ofisi ya ujenzi ya eneo lako ndiyo itakayokuambia kama huu unazifuata.

Wewe mwenyewe unaweza kutazama mengi ukiwa nje ya uzio, bila kupanda wala kugusa kitu. Tafuta nafasi zilizo wazi ambapo uso mmoja wa mnara una chuma na uso wa pili hauna. Tafuta matundu ya boliti yanayopitisha mwanga. Kutu ya juu juu ni ya kuangaliwa. Kutu inayobanduka kwa magamba ni ya kuripotiwa. Angalia kama kuna mwanya kati ya kibonge cha zege na udongo unaokizunguka, hasa baada ya upepo mkali, maana huenda mguu umekuwa ukiinuka. Kwa ule wa kilimani, waya unaoning'inia kuliko wenzake una tatizo, na fimbo za nanga huoza palepale zinapoingia ardhini, ambapo jicho halifiki. Hilo linahitaji fundi wa kuchimba kwa utaratibu, si mwenye jembe.

Ukiona chochote kati ya hivyo, piga picha yenye tarehe, umwandikie mwenye mnara, ambaye jina na namba yake kwa kawaida huwa kwenye kibao cha uzioni, na nakala uipeleke kwa ofisi ya ujenzi na kwa mamlaka ya mawasiliano. Usipojibiwa, mhandisi wa miundo wa kujitegemea anaweza kuukagua kwa macho kutoka chini na kukuandikia maoni, ingawa kwa vipimo vya msingi atahitaji michoro ya mwenye mnara. Na kama umeona mguu uliopinda, waya wa kushikilia uliokatika, au mnara ulioinama baada ya dhoruba, usisubiri barua: ondoa familia kwenye eneo lililo ndani ya urefu wa mnara, pigia huduma za dharura, na msirudi hadi mtu mwenye mamlaka aje kuukagua hapo hapo.